Kati ya Masale na Mfereji

Subira yangu iliisha siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anakunywa chai. Nilikuwa nimefika kwake mara ya tano kuomba barua moja, barua ya mistari minne, ya kusema kwamba mimi na binti yangu tunaishi pale tunapoishi. Bila barua hiyo mwalimu mkuu hawezi kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, na daftari la kuandikishia lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Yote hayo mwenyekiti aliyajua. Alipuliza chai, akanywa, akasema kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi:

"Mama, jambo lako ni dogo. Kang'oe yale masale, halafu uje tuongee."

Niliuona mkono wangu unakwenda mezani polepole, kama mkono wa mtu aliye chini ya maji, ukauchukua mhuri wa mtaa uliokuwa umelala juu ya kiboksi chake cha wino. Mpira wake ulikuwa bado mbichi, ukanigusa kiganja kwa ubaridi. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, nikarudi kwenye benchi la wageni nikakaa.

"Mama, huo ni mhuri wa serikali."

"Naujua. Ndiyo maana nimeuchukua."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakunywa chai," nilisema, na chai sikuwa nayo.

Kwenye benchi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa shuka nyekundu aliyekuja kuomba kibali cha kusafirisha ng'ombe. Alitazama pindo la kanga yangu, akamtazama mwenyekiti, akakunja mikono yake juu ya fimbo kama mtu aliyefika sinema kwa wakati.

Anayeyasoma haya anaweza kujiuliza masale, mimea ya majani marefu iliyo mbele ya nyumba yangu, yanahusiana nini na mtoto kusoma. Nami nilijiuliza hivyo hivyo kwa miezi mitatu. Lazima nirudi nyuma kidogo, na nikirudi nyuma huwa naona ukungu kwanza, kwa sababu kwetu kila kitu huanza na ukungu.

Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu wetu wa kike alikuja shuleni na sufuria zake za harusi, zile za seti zinazoingiana. Zilikuwa sita. Alizipanga juu ya meza, kubwa mpaka ndogo, akatuambia kubwa ni nchi. Ndani yake akaweka mkoa. Ndani ya mkoa wilaya, ndani ya wilaya tarafa, ndani ya tarafa kata, ndani ya kata kijiji, au mtaa kwa watu wa mjini. Kitongoji alisema sufuria yake imeungua nyumbani, tukiwazie tu. Kisha akatoa punje moja ya mahindi mfukoni, akaidondosha katikati, ikalia *ting*. "Hii punje," akasema, "ni wewe."

Wenzangu walicheka. Mimi nilijisikia nimefunikwa. Usiku ule nililala nikijiona nimezungukwa na kuta sita za bati laini, na nje ya ukuta wa mwisho kuna bahari na nchi za watu. Mpaka leo mtu akitamka neno mkoa huwa nasikia sufuria zikigongana. Ila mwalimu hakutuambia kwamba punje inaweza kudondoka pembeni, ikakaa kati ya sufuria na sufuria, na mtu akipika huku na kule asiione.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukumbi usio na dari. Tulihamia binti yangu akiwa bado hajaota meno. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua kule Usa River, anaondoka alfajiri, anarudi jioni na harufu mbili mwilini, ya waridi na ya dawa ya kupulizia waridi. Kiwanja kiko pembeni kabisa mwa jiji, pale ambapo jiji linachoka. Nyuma ya nyumba unapita mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni Meru, mwembamba, mtu mzima anauruka bila kukunja kanga. Ng'ambo ya mfereji ni kijiji, na kijiji kiko wilaya nyingine. Mbele ya nyumba kuna mji wa bibi mmoja wa Kimeru na migomba yake, na baada ya migomba ndiyo shule ya msingi. Kengele ya shule ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Kutoka mlangoni kwangu mtoto akitoka uji ukiwa wa moto, anafika haujapoa.

Shule ya kijiji iko mbali, ng'ambo ya korongo na ng'ambo ya barabara kuu ya kwenda Moshi, ile ya malori. Siizungumzii kwa dharau. Naizungumzia kwa sababu nimewahi kuivuka barabara hiyo na mtoto mkononi, na najua mkono wa mtoto unavyokung'ang'ania lori linapopita.

Tuliponunua kiwanja, karatasi ya mauziano ilipigwa mhuri na ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wa wakati ule, siyo huyu wa chai, alisaini kama shahidi. Kura nilipiga mtaani. Mtoto alichanjwa zahanati ya mtaani. Sikuwahi kukaa chini na kuwaza niko wapi. Mtu haulizi jina lake kila asubuhi.

Asubuhi za kule zina utaratibu wake. Ukungu unashuka kutoka mlimani kama mtu aliyesahau kitu, unaingia kwenye migomba, unaifuta shule, unaifuta nyumba ya bibi, unavuka uwanja wangu, unaufuta mfereji. Kwa muda, labda wa kuchemsha maji, hakuna jiji wala wilaya. Kuna mimi, jiko la mkaa, na sauti ya mfereji ambao siuoni. Nimekaa ndani ya ukungu huo nikimnyonyesha binti yangu, na nilikuwa nadhani kama nchi ingekuwa hivi siku nzima, watu wangepungukiwa na mambo ya kugombania.

Tuligombana hata hivyo. Mbuzi wa bibi waliingia kwangu, wakala kitalu changu chote cha mboga za mnafu, kisha mmoja wao akatafuna gauni la ubatizo la mtoto lililokuwa kwenye kamba. Nililikuta nusu. Nilikwenda mpaka kwenye migomba ya yule bibi, mtoto mgongoni, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nitaandika moja tu, kwamba nilimwambia yeye na mbuzi wake sioni tofauti. Mwanamke wa umri wa nyanya yangu. Alisimama ananisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mtoto analia huko mgongoni," akaingia ndani.

Kesho yake, ukungu haujainuka, nilisikia mtu anakohoa uani. Alikuwa amesimama na jani la sale mkononi. Halikuwa jani tupu. Alikuwa amekata kichwa kizima cha mmea, na kipande cha shina.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwenu Uchagani mnalijua hili?"

"Tunalijua."

"Basi sina maneno mengi. Magoti yangu ni mabovu. Ukichelewa kulipokea nitaanguka hapa uani, na hapo utakuwa na kesi nyingine."

Kwetu, na kwao pia, ukiletewa sale umeombwa radhi, na ukishaombwa hivyo huna njia ya kukataa. Hata aliyeua mtu, wazee wetu walisema, akifika na sale mlangoni atasikilizwa. Kosa lilikuwa la mbuzi na ubaya wote wa maneno ulikuwa wangu, lakini yeye ndiye aliyetembea. Nililipokea kwa mikono miwili. Sikujua nilifanyie nini, sikutaka kulitupa, nikalichomeka ardhini palepale alipokuwa amesimama.

Lilishika. Masale ni mmea usio na kinyongo, unashika popote. Mwaka uliofuata tulikata vipande kutoka kwenye lile la kwanza tukaongeza mengine, bibi akishikilia mashina na mimi nikisindilia udongo kwa kisigino. Tuliendelea hivyo kila mwanzo wa mvua, tukiongea mambo ya kwake na ya kwangu, mpaka ukawa mstari mzuri wa kijani kati ya mji wake na wa kwangu, unaofika kiunoni. Mbuzi hawakuupita. Binti yangu alijifunza kutembea akijishika pale, shina kwa shina, kutoka mikononi mwangu mpaka mikononi mwa bibi. Nilipokuwa nautazama mstari ule jioni nilikuwa naona mshono.

Lakini sale lina kazi yake nyingine, na hiyo nayo kila mtu wa mlima anaijua. Ndiyo mpaka. Ukitaka kujua shamba la mtu linaishia wapi, Kilimanjaro au huku Meru, hutafuti jiwe wala waya. Unatafuta masale.

Wakaja wale wa kubandika namba za anwani kwenye nyumba. Walikuwa wawili, dada mmoja mwenye kishikwambi na kaka aliyebeba vibao na misumari, wamevaa vizibao vya kung'aa. Siku hiyo mimi na bibi tulikuwa tumekwenda soko la Tengeru. Waliibandika nyumba ya bibi namba yake, wakafika kwenye masale, wakasimama. Baadaye nilimtafuta yule dada nikampata, na hakunificha. "Dada yangu, niliona masale yamepangwa vizuri kabisa," aliniambia. "Nikajua hapa mtaa umeisha." Nikamuuliza kwao wapi. Kwao ni Tengeru, mtoto wa mlima kama sisi. Ndiyo maana alikosea. Angekuwa mtoto wa pwani angeyaona maua ya uani, angeyaruka, angegonga kibao changu na tungekuwa salama.

Basi nyumba ya bibi ikawa ya mwisho mtaani. Watu wa kijiji nao walipokuja kwa zoezi lao walianzia kwenye mfereji, kwa sababu kwao mpaka ni mfereji tangu enzi za wazee, wakaenda zao upande wa pili. Katikati ikabaki nyumba moja yenye ukuta mtupu. Hatua arobaini kutoka masale mpaka mfereji. Nilizipima.

Mwanzoni, nisidanganye, nilifurahi. Nilimwambia binti yangu sisi sasa ni nchi. Alikuwa na miaka mitano, akalichukulia jambo hilo kwa uzito.

"Nchi yetu ina rais?"

"Ina."

"Nani?"

"Yule kuku mwekundu."

Alifikiri. "Alichaguliwa?"

"Alijichagua."

Akaniambia basi yeye atakuwa waziri wa mfereji. Kwa wiki kadhaa tuliishi hivyo. Asubuhi ukungu ukishuka tulikaa mlangoni na vikombe vya uji, nikimwonyesha mipaka ya nchi yetu ambayo haionekani: kaskazini mlima, kusini mlima umejificha, mashariki maji, magharibi bibi. Tulikuwa na sheria mbili, hakuna kugombana kabla ya uji na mgeni yeyote anakaribishwa. Mume wangu akirudi kutoka Usa River alisimama kwenye masale akaomba kibali cha kuingia, binti yake akamwambia anusishe mikono kwanza. Nikikumbuka siku zile naziona kama zimetokea chini ya maji, kila kitu polepole na chenye mwanga.

Kisha binti yangu akatimiza sita, na rimu ile kule shuleni ikaanza kumwita. Kila ikigongwa alisimama. Alikuwa ameshajifunza herufi zote kwenye mifuko ya unga. Nikaenda kwa mwalimu mkuu na cheti chake cha kuzaliwa, mwalimu akasema vizuri, bado barua ya utambulisho ya mtaa. Nikaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaniuliza namba ya nyumba.

Hapo ndipo nchi yangu ilipogeuka shimo.

"Mfumo haukuonyeshi, mama. Wewe uko kijijini."

Nikaruka mfereji, nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Huyu alikuwa mtu mpole, alinifutia kiti kwa mkono wake. Alitandaza mchoro wa kijiji mezani, ramani ya zamani iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, akaweka kidole kwenye mstari wa buluu. "Huu ni mfereji," akasema. "Nyumba yako hii hapa, nje. Ningependa sana uwe wangu, mama, lakini mfereji ni mfereji." Nikarudi mtaani. Mtaani wakaniambia nilete karatasi ya kijiji inayosema mimi siyo wa kijiji. Kijijini wakaniambia hawatoi karatasi za watu wasiokuwa wao. Nikarudi. Nikaenda. Nikaleta karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa wenyewe, mwenyekiti akasema ule ni mhuri wa zamani. Miezi mitatu ya danadana, na kila nikirudi nyumbani namkuta mtoto mlangoni ameshika daftari alilonunuliwa na baba yake, ameliandika jina lake kwenye kila ukurasa ili lisipotee.

Wiki moja kabla ya Jumanne ile binti yangu aliniuliza, akiwa anaosha miguu mferejini, "Mama, kama siyo wa huku na siyo wa kule, nikifa nitazikwa wapi?" Mtoto wa miaka sita. Nilimwambia aoshe na visigino.

Kwa hiyo mwenyekiti aliponiambia nikang'oe masale, nilikuwa nimefika pale nikiwa nimejaa.

"Ukiyang'oa," aliendelea kunieleza pale ofisini, sasa akiwa ametoka nyuma ya meza na kuja kukaa upande wa pili wa benchi, jicho kwenye kanga yangu, "nawaita wale vijana upya. Wakikuta pako wazi watavuka, watakubandika namba, nakuandikia barua. Nani ameumia? Ni majani tu."

"Wewe kwenu wapi, mwenyekiti?"

Akageuza uso dirishani. Kwao ni Machame, Uchagani kama kwetu.

"Kwenu mtu akileta sale, mnaling'oa baada ya miaka mingapi?"

"Mama, tusichanganye mila na kazi ya ofisi."

"Kura yangu nilipiga hapa mtaani, na nilikupigia wewe. Siku ile nilikuwa wa wapi?"

"Kura ni siri."

"Ilikuwa. Sasa nakwambia."

Mzee wa ng'ombe akakohoa. "Mwenyekiti," akasema, "mimi sina neno na huyu mama, anazungumza vizuri. Lakini ng'ombe wangu kumi na moja wamesimama juani, na kibali changu kinahitaji hicho kilichofungwa kwenye kanga."

Nilimwangalia yule mzee. Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili, nikamkabidhi yeye mhuri, siyo mwenyekiti. "Ni kwa ajili ya ng'ombe," nilisema. Nikatoka.

Njiani niligundua kiganja changu kina maandishi. Duara la zambarau, jina la mtaa, limeshika vizuri kuliko nilivyowahi kuliona kwenye karatasi yoyote. Nilikuwa nimeupiga mhuri mkono wangu kwa bahati tu, ngozi yangu imeingia mtaani kabla ya nyumba yangu. Binti yangu aliukunjua mkono wangu mlangoni, akasoma herufi moja moja mpaka mwisho wa duara.

"Kwa hiyo," akasema, "mkono wako ndiyo utaenda shule?"

Nilikaa kizingitini nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakusimama kirahisi.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia chuma kinagusa jiwe huko mbele, nikatoka. Bibi alikuwa ameinama kwenye masale na panga mkononi.

"Shikamoo bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nimesikia ulichofanya ofisini. Kila mtu amesikia."

"Nani amekwambia?"

"Mwenye ng'ombe. Amesema atakuja kukuposea mwanawe, nikamwambia amechelewa." Alinyoosha mgongo kwa shida. "Haya tuyatoe, mjukuu wangu. Mtoto asome. Mimi na wewe tulishapatana, hatuhitaji majani kutukumbusha."

Alisema kweli, na ilikuwa rahisi. Siku moja ya kazi, mashina hayafiki thelathini. Nilishika lile la kwanza, kichwa kile alichokileta mwenyewe, sasa shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu. Nikavuta kidogo. Lilikuwa limeshika chini kwa namna ambayo niliisikia mpaka begani. Nikayaona magoti yake yale, asubuhi ile, yakitetemeka chini ya kitenge wakati mimi nimesimama na kiburi changu nikihesabu kama nilipokee au nisilipokee. Jani hili ndilo kitu pekee nilichowahi kupewa na mtu niliyemkosea.

"Nikiling'oa nitakuwa nimekurudishia," nilisema.

"Utakuwa umemsomesha mtoto."

"Wao ndio wamekosea kulisoma, bibi. Kwa nini tung'oe sisi?"

Alilitazama panga lake, akalifuta kwenye kitenge. "Wewe si ulifika kidato cha nne?"

"Nilifika."

"Basi waandikie. Mimi nitaweka dole gumba. Na uwaandikie Kiswahili kigumu, waogope."

Niliandika siku ile ile mchana, karatasi ya mistari, mtoto amekaa pembeni akiazima kalamu yangu kila nikipumzika. Tatizo la kwanza lilikuwa nimwandikie nani. Mtaa uko chini ya jiji, kijiji kiko chini ya wilaya nyingine. Nilizitoa sufuria zangu kabatini, nikazipanga mezani kama mwalimu wangu, nikatafuta ndogo kuliko zote inayoweza kuwabeba wote wawili pamoja na mimi. Ilikuwa ya pili kutoka juu. Kwa sababu ya jani la uani ilibidi nipande mpaka mkoa.

Mume wangu alisoma aliporudi. Akasema, "Punguza ukali." Nikafuta maneno matatu. Akasema, "Na hili la mhuri usiliandike, watakukamata." Nikamwambia hilo ndilo nitakalolimalizia.

Alhamisi nilifika mjini kwenye dawati la malalamiko la ofisi ya mkoa. Aliyekaa pale alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alihesabu viambatanisho: nakala ya karatasi ya mauziano, karatasi yenye dole gumba la jirani. Akafika kwenye jani, refu, la kijani kibichi, nimelikunja mara moja na kulibana kwa pini.

"Na hili?"

"Kiambatanisho namba tatu."

Alivaa miwani. Alilitazama kwa muda, kisha akasogeza kikombe chake, akalipokea kwa mikono miwili. Alipiga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akaniambia nisubiri kujibiwa, na ninapoandika haya bado nasubiri. Nakala ninayo. Inasema hivi.

*Kutoka: Nyumba isiyo na namba, kati ya masale na mfereji.*

*Kwenda: Katibu Tawala wa Mkoa.*

*YAH: MALALAMIKO YA NYUMBA KUACHWA NJE YA MTAA NA NJE YA KIJIJI, NA MTOTO KUKOSA KUANDIKISHWA SHULE*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa kike, miaka sita. Naishi na mume wangu katika nyumba ambayo ofisi ya mtaa inasema iko kijijini na ofisi ya kijiji inasema iko mtaani. Nimekwenda mtaani mara tano na kijijini mara nne. Kila ofisi imenipokea vizuri na kunirudisha.*

*Chanzo ni mstari wa masale mbele ya nyumba yangu, ambao waliobandika namba waliuona kuwa mpaka wa mtaa. Masale hayo tuliyapanda mimi na jirani yangu baada ya kuombana radhi. Hayajawahi kuwa mpaka wa kitu chochote. Jirani anathibitisha kwa dole gumba (kiambatanisho namba mbili). Mpaka ni mfereji, na kijiji kinakubali hivyo.*

*Nimeshauriwa na mwenyekiti wa mtaa niyang'oe. Nimekataa, na nakataa tena kwa maandishi.*

*Naomba atumwe mtu mmoja, akiwa na ramani zote mbili, asimame mlangoni kwangu aseme niko wapi. Hahitaji kukaa muda mrefu, na chai ipo. Naomba pia, kabla huyo hajafika, mwalimu mkuu aelekezwe kumwandikisha binti yangu kwa sababu daftari linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo na mtoto hasubiri mipaka ili akue. Jina lake anajua kuliandika mwenyewe.*

*Mwisho, nakiri kwamba siku ya Jumanne nilichukua mhuri wa mtaa bila ruhusa, nikakaa nao kwa muda wa kama nusu saa, nikaurudisha. Kwa kosa hilo naomba radhi, na naambatanisha jani la sale (kiambatanisho namba tatu), ambalo naamini mtu yeyote wa mkoa huu atajua namna ya kulipokea.*

*Kwa hayo mengine yote siombi radhi.*

*Mimi mama wa mtoto.*